Pesa imeingia lakini meseji haijafika? Hii ndiyo sababu

Tuseme wewe ni mama karanga. Umenunua samaki Mayungu asubuhi, na sasa unakaanga Malindi mjini. Mteja anakwambia, "Nishatuma mama, mia tatu." Unaangalia mulika mwizi yako: kimya. Je, anakudanganya? Pengine. Lakini pengine pesa imeingia, na ni meseji tu iliyokosa pa kukaa.

Trei ya mayai

Laini yako ya simu ina nafasi za meseji zilizohesabiwa tangu ilipotengenezwa. Kila nafasi ina baiti 176, pamoja na alama ya kuonyesha kama iko wazi au imejaa. Ni kama trei ya mayai: mashimo ni 30, yai la 31 halina pa kuwekwa.

Katika lugha ya programu ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, mpangilio huu huitwa arei. Huandikwa hivi:

`char meseji[161];`

Yaani: nitengee nafasi 160 za herufi za SMS moja, na moja ya alama ya mwisho. Hesabu huanzia 0, kwa hivyo nafasi ya mwisho ni ya 160.

Hatari ni kwamba C haikuzuii kuandika nje ya trei. Ukizidisha, unaharibu data ya jirani. Ndiyo maana programu nzuri hukagua kwanza. Simu ikikuta nafasi zimejaa, huikataa meseji mpya na kuuarifu mtandao. Mtandao huishikilia kwa muda. Ukifuta meseji moja, simu hutoa taarifa kwamba kuna nafasi, na ile iliyokuwa ikisubiri huletwa.

Meza ya kukodi

Njia ya pili ni kuomba nafasi unapoihitaji, kama kukodi meza sokoni. Katika C, `malloc` hukodi, `realloc` huongeza au kupunguza, na `free` hurudisha. Programu ikisahau kurudisha, meza hubaki zimeshikwa bila kazi, na simu huanza kuwa nzito.

Simu janja hutumia sana njia hii, ndiyo maana huweka meseji nyingi zaidi. Lakini hata soko lina mwisho. Meza zikiisha, `malloc` hujibu `NULL`, yaani hakuna kitu.

Sasa ufanye nini?

1. Usiamini meseji unayoonyeshwa kwenye simu ya mteja. Inaweza kuwa ya kughushi.
2. Angalia salio lako mwenyewe kwenye menyu. Pesa yako haikai ndani ya simu wala laini. Hesabu yake iko kwenye mitambo ya huduma. Meseji ni risiti tu.
3. Wewe uliyetuma, usitume tena kabla mwenzako hajaangalia salio. Wengi hulipa mara mbili hapo.
4. Kila jioni, andika nambari za miamala muhimu kwenye daftari, kisha ufute meseji za zamani.
5. Akitokea mtu wa "kukusaidia" kufungua nafasi, usimpe PIN. Kufuta meseji hakuhitaji PIN ya pesa.

Salio likiwa limepanda kwa mia tatu, mfungie mteja samaki wake. Kama halijapanda, mwambie asubiri kidogo, na samaki wabaki kwako.