MBONA UVIMBE HUU HUKUA UPESI HIVYO?

Mwaka huu nimeonelea niandike juu ya kitu kidogo cha maabarani kiitwacho kingamwili ya Ki-67. Usikimbie! Hata kama Bayolojia hukuletea usingizi, jambo hili latuhusu sisi watu wa ziwani.

Kingamwili ni protini ambayo mwili hutengeneza ili kumshika adui. Kila moja hushika kitu chake tu, kama ufunguo na kufuli. Mwaka 1975, Köhler na Milstein kule Cambridge waliunganisha seli za panya zinazotoa kingamwili na seli za saratani, zikawa zinatoa kingamwili ya aina moja bila kukoma. Mwaka 1983 wataalamu wa mji wa Kiel, Ujerumani, wakaeleza moja inayoshika protini ya ndani ya kiini cha seli. Jina lake lachekesha kidogo: Ki ni Kiel, na 67 ni nambari ya kitundu ilimopatikana katika sahani ya maabara.

Protini hiyo huonekana seli inapokuwa katika mzunguko wa kugawanyika. Seli ikipumzika, haionekani. Basi kipande chembamba cha uvimbe hutiwa kingamwili, halafu rangi. Ukitazama kwa hadubini, viini vya seli zinazogawanyika ni vya kahawia na vya zile zilizopumzika ni vya buluu. Kazi inayobaki ni kuhesabu tu.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliandika juu ya watoto waliovimba taya. Saratani hiyo yaitwa limfoma ya Burkitt, na huku kandokando ya Ziwa Viktoria tunaijua. Huandamana na malaria, tena na virusi vya Epstein-Barr vilivyogunduliwa mwaka 1964 katika seli za uvimbe huohuo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulilinganisha watoto wachanga wa Kisumu na wa Nandi, ambako malaria ni haba. Wa Kisumu walipata virusi hivyo mapema zaidi. Ndani ya seli za saratani hiyo, jeni iitwayo MYC, inayoihimiza seli igawanyike, huwa imehama mahali pake katika kromosomu. Hapo inakuwa kama dereva wa matatu aliyekanyaga mafuta na kusahau breki.

Ukiupima uvimbe huo kwa Ki-67, karibu seli zote, yaani karibu asilimia 100, hugeuka kahawia! Waweza kuwa maradufu kwa siku moja au mbili.

Mtoto wa jirani yetu hapa Nyalenda, wa miaka sita, alivimba shavu, meno yakalegea. Kwenye zahanati moja wakasema ati ni jino. Likang'olewa, kisha la pili. Wiki tatu zikaenda hivyo! Hesabu mwenyewe uvimbe uliongezeka mara ngapi. Mwishowe mama yake alipewa barua ya kwenda hospitali kubwa, na sasa anatibiwa.

Kumbe mbio hizo ndizo pia udhaifu wa saratani hii. Dawa kama siklofosfamidi huua hasa seli zinazogawanyika, na uvimbe wa taya waweza kunywea ndani ya siku chache. Watoto wengi wanaofika mapema hupona. Wenzake wanamcheka kwa upara, lakini seli za nywele nazo hugawanyika upesi, na dawa haichagui.