SOMO LA LISHE: MANENO YANAYOKITANGULIA CHAKULA SAHANINI

Katika kaya nyingi za Mkoa wa Simiyu, chakula huhukumiwa kabla hakijaonjwa. Ugali wa mtama huitwa chakula cha njaa. Nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa, ikiandaliwa mbele ya mgeni, mwenyeji huomba radhi akisema, "Mtusamehe, leo hatuna mboga," ilhali mboga ipo na mgeni anaiona. Wali na soda haviombewi radhi na mtu yeyote. Maneno hayo huonekana madogo, lakini ndiyo yanayoamua kitakachopikwa kesho, na mtoto huyashika kabla hajajua kusoma.

Hukumu hizo zina historia. Wakati wa utawala wa Waingereza, wakulima wa Usukuma walihimizwa, na pengine kulazimishwa kwa amri, kupanda mihogo na viazi vitamu viwe akiba ya njaa, huku pamba ikihitaji ardhi na nguvu kazi yao. Tangu hapo michembe, yaani viazi vilivyokatwa na kuanikwa vibichi, pamoja na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yakaanikwa, vimebeba harufu ya miaka ya shida. Mtama nao, uliolimwa katika ukanda huu kabla ya mahindi kuenea, ukashushwa hadhi. Aibu iliyomo katika vyakula hivyo, kwa hiyo, haikutokana na ubora wake. Ilitokana na kumbukumbu.

Ubora wake ni jambo jingine kabisa. Mahindi yanapokobolewa ili kupata sembe nyeupe, pumba na kiini huondoka, na pamoja navyo huondoka nyuzinyuzi, sehemu kubwa ya vitamini za kundi B na madini. Dona na mtama usiokobolewa hubaki navyo. Majani ya kunde yana madini ya chuma. Viazi lishe vya rangi ya chungwa vina kirutubisho ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na vikikaushwa kivulini badala ya jua kali hubaki na sehemu kubwa zaidi ya kirutubisho hicho. Familia inayouza kunde na karanga zote ili inunue sembe na soda huenda ikajiona imepanda ngazi, kumbe sahani yake imepungukiwa.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka 5 wamedumaa, kutoka asilimia 34 katika utafiti wa mwaka 2015/16. Udumavu una sababu nyingi, yakiwemo maradhi ya mara kwa mara na maji yasiyo salama. Hata hivyo, mlo usio na mchanganyiko wa vyakula ni mojawapo, na mchanganyiko huo mara nyingi huzuiwa na dharau tu.

Kwa watu wazima, maneno mabaya zaidi ni yale yasemwayo kimoyomoyo. Mgonjwa wa kisukari aliyeshauriwa kituoni apunguze ugali hurudi nyumbani akijiambia, "Nimekatazwa kula." Anayejiona amekatazwa huishi kama mfungwa: hula kwa kujificha, na siku anapozidisha hujisemea, "Leo nimeshaharibu, basi," kisha humaliza chungu. Kosa la tonge mbili hugeuka kosa la siku nzima. Anayejiambia, "Nimepangiwa kiasi changu, na nusu ya sahani yangu ni mboga," amepewa ushauri uleule, ila yeye ana jambo la kufanya. Akiteleza mchana, jioni hurudi katika kiasi chake. Anayejifunza kuendesha baiskeli haivunji kwa sababu ameanguka nayo.

Majirani nao wana sehemu yao katika jambo hili. Salamu ya "umekonda, una matatizo gani?" humkuta mtu aliyepunguza uzito kwa ushauri wa daktari, akaanza kuogopa kudhaniwa mgonjwa. Aliyenenepa huambiwa amenawiri, hata kama shinikizo la damu linampanda. Mwili wa mtu si tangazo la mapato ya pamba. Ni heri salamu ziulize habari za kazi na watoto.

Haina budi kusemwa wazi kwamba hakuna maneno yanayojaza chungu kitupu. Kaya iliyokosa mavuno haihitaji kufundishwa namna ya kujisemesha; inahitaji chakula, na hali hiyo iripotiwe mapema kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Somo hili linawahusu wenye kitu ghalani ambao wamefundishwa kukionea haya. Kwao, zoezi linaweza kuanza na mlo mmoja: mgeni akaribishwe nsansa iliyoungwa kwa karanga bila kuombwa radhi, na mtoto aambiwe jina la mboga hiyo na kazi yake mwilini, badala ya kuambiwa avumilie.

Ushauri wa lishe hutolewa katika zahanati na vituo vya afya, na pia katika Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo hufanyika kila robo mwaka. Siku hiyo watoto hupimwa hali ya lishe, na wazazi huweza kuuliza maswali yao. Wajawazito waendelee kuhudhuria kliniki na kutumia vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa. Wanaotumia dawa za kisukari au shinikizo la damu wasibadili kiasi cha chakula wala dawa bila kumwona mtoa huduma. Mtu anayejinyima chakula hadi kudhoofika, au anayejitapisha baada ya kula, apelekwe kituoni bila kuchekwa wala kukaripiwa. Kwa kikundi cha wanawake, shule au kitongoji kinachotaka mafunzo ya mapishi ya vyakula vya asili, maombi yapitie kwa mtendaji wa kata, ambaye atayafikisha kwa afisa lishe wa halmashauri.