Umri wa Mlima na Isnadi ya Jiwe



Ndugu zangu, katika darsa zetu hapa Nateete swali hili limerudi mara kadhaa: mwanajiolojia akisema mlima una miaka milioni mbili, Muislamu aipokeeje kauli hiyo? Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si jiolojia. Lakini tumefundishwa kuwa habari haikubaliwi wala haikataliwi kabla ya kujua imetufikiaje. Basi tuliulize jiwe mashahidi wake.

Shahidi wa kwanza ni mpangilio. Lava iliyo juu ilimwagika baada ya ile iliyo chini yake. Hapo tunajua ipi imetangulia, ila hatujui miaka.

Wa pili ni potasiamu. Sehemu ndogo ya potasiamu iliyomo ndani ya lava hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni, kwa kasi inayojulikana. Lava ikiwa bado uji wa moto, gesi hiyo hutoka. Ikiganda, hunaswa ndani. Kwa hiyo agoni ikiwa nyingi ukilinganisha na potasiamu, jiwe ni kongwe zaidi. Kwa milipuko ya karibu hupimwa kaboni ya miti iliyoungua chini ya lava, na kipimo hicho hufika takriban miaka 50,000 nyuma.

Tutazame Kilimanjaro. Vipimo vinaonyesha kuwa Shira ilianza kujengeka miaka kama milioni 2.5 iliyopita, Mawenzi takriban milioni 1, na Kibo kama nusu milioni. Mlima haukuinuka kwa mlipuko mmoja. Ulikua kwa awamu, na kati yake kulikuwa na mapumziko marefu. Kibo, mdogo wao kwa umri, ndiyo ndefu kuliko zote: mita 5,895.

Shahidi wa tatu ni mwanadamu. Mwezi wa Jumada al-Akhira mwaka 654 Hijria (1256), baada ya mitetemeko, moto ulipasuka nje ya Madina na lava ikatiririka kwa siku 52 hivi. Abu Shama, aliyekuwa Damascus, aliandika yaliyomo katika barua zilizotoka Madina. Wanazuoni wengi waliuhusisha moto huo na hadithi ya moto wa Hijazi iliyomo katika Bukhari na Muslim. Kwa mwanajiolojia, lava yenye tarehe iliyoandikwa ni hazina, kwani kipimo cha maabara kinaweza kujaribiwa juu yake.

Tukirudi kwenye swali: Qur'ani inatuita tuitazame milima, lakini haikutaja umri wake kwa miaka. Anayepima jiwe hajakanusha aya yoyote. Tumuulize njia yake, kama tunavyomuuliza mpokezi wa hadithi.

Wala elimu hii si ya kujifurahisha tu. Tunaishi na ndugu waliotoka Goma, wanaoijua Nyiragongo. Ilimwaga lava mwaka 1977, 2002 na 2021. Anayeihesabu miaka 19 bila lava kumwagika nje kuwa usalama hajausoma mlima. Kujua ulilipuka lini, na ulipumzika muda gani, ni msingi wa kuamua watu wajenge wapi na wahame lini. Na kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia.

Wenzetu wa kitivo cha sayansi, njooni kwenye darsa mtufundishe. Nasi tutawaonyesha tarehe zilizolala ndani ya vitabu vyetu.

Wallahu a'lam.