MTOTO AOTAPO MENO: USINGIZI WAKE NA HOMA YAKE

Usiku ni mwingi, na baridi ya milimani imeingia nyumbani. Mtoto wa miezi saba analia, anatokwa na mate, hataki kulala, tena mwili wake una moto. Mama ana wasiwasi, lakini Nyanya asema, "Usihangaike, mwanangu, ni meno tu." Maneno hayo husemwa kwa mapenzi katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira. Nusu yake ni kweli, na nusu yake yaweza kumpoteza mtoto. Somo letu la juma hili ni kuzitenga nusu hizo mbili.

Kazi ya meno ni ipi? Jino la kwanza hutokea mtoto akaribiapo miezi 6, ingawa wengine hutangulia na wengine hungoja hata mwaka. Ufizi huvimba na kuuma. Mtoto hutafuna kila akipatacho, hukasirika upesi, na joto la mwili laweza kuzidi kidogo. Lakini jino halileti homa ya kufika 38 katika kipimajoto, wala kuharisha, wala kutapika, wala kukohoa.

Basi kwa nini magonjwa hayo huonekana wakati huo huo? Ni kwa sababu katika umri huo kinga aliyoipata mtoto kwa mamaye tumboni inapungua. Tena aanza kula uji, na kutambaa, na kutia kinywani kila kilicho chini. Hivyo meno na maradhi hufika pamoja, kama wageni wawili waliokutana njiani, na mwenyeji akadhani ni ndugu.

Kosa hili si letu peke yetu. Katika karne ya 19 huko Uingereza, vifo vingi vya watoto viliandikwa kuwa vimeletwa na meno, na watoto wakapewa poda zenye zebaki, ambayo ni sumu. Poda hizo ziliendelea kuuzwa hata miaka ya 1950. Na huko Nigeria, mwaka 2008 na 2009, dawa ya maji ya watoto waotao meno ilichanganyika na sumu, ikaua watoto 84.

Mtoto asumbuliwaye na meno tu, asaidiwe hivi usiku:

1. Nawa mikono kwa sabuni, kisha usugue ufizi polepole kwa kidole.

2. Mpe atafune kitambaa safi kilicholowa maji baridi yaliyochemshwa. Usimfunge uzi wala shanga shingoni, kwa maana zaweza kumnyonga.

3. Mnyonyeshe kila atakapo. Mtaalamu wa Marekani, Robert LeVine, aliyekaa miongoni mwa Abagusii miaka ya 1955 hadi 1957, aliona kwamba mama alilala karibu na mtoto wake mchanga, na mtoto akilia alinyonyeshwa upesi. Desturi hiyo ni njema. Ila mtu aliyelewa asilale na mtoto.

4. Punguza taa na kelele, umlaze chali ndani ya chandarua. Usiweke jiko la makaa katika chumba cha kulala kwa ajili ya baridi. Hewa yake huua bila kunuka.

5. Maumivu yakizidi, mpe parasetamoli kwa kipimo alichokuambia mwuguzi kulingana na uzito wake. Usimpe aspirini, wala pombe, wala asali kabla hajatimiza mwaka.

Wala asipelekwe kwa mtu wa kumchokoa ufizi ili kutoa yale yaitwayo "meno ya plastiki", kama ifanywavyo katika sehemu fulani za Kenya, Uganda na Tanzania. Kile cheupe kitolewacho si mdudu wala ugonjwa. Ni jino changa la mtoto. Jeraha lake huleta damu nyingi na uchafu, na watoto wamekufa kwa jambo hilo.

Lakini kama mwili una moto, usiseme ni meno. Katika milima yetu malaria huja kwa vipindi, hasa baada ya mvua za masika, kwa hiyo miili ya watu haikuizoea. Katika miaka ya 1990 iliwaangusha watu wengi Kisii na Nyamira, wakubwa kwa wadogo. Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati akapimwe damu. Akiharisha, aendelee kunyonya, apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti za hospitali, pamoja na vidonge vya zinki.

Tena ziko dalili ambazo hazingoji kupambazuke: mtoto kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu, kushikwa na degedege, kulegea asiamke, au kifua kubonyea ndani apumuapo. Mhesabu pumzi kwa dakika moja ametulia: mtoto wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, ni hatari. Ukiona mojawapo, mwamshe baba, waite majirani, muondoke usiku huo huo.

Nyanya asidharauliwe, maana amelea wengi. Aambiwe kwa adabu, "Nyanya, mate na kutafuna ni ya meno; homa hii twende tukaipime." Jino litatoka lenyewe bila msaada wa mtu, lakini malaria haitoki yenyewe. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.