SOMO: MGENI MPE JEMBE
Heshima kati ya wanafunzi wa sekondari



Somo hili ni la familia zilizohama kwa sababu ya vita, na pia la familia zilizowapokea. Tunawaomba mlisome pamoja jioni moja baada ya kazi za shamba, na vijana wenu wa sekondari wakae nanyi.

1. Hali yetu

Kashebere iko mpakani mwa Masisi na Walikale. Vita vikiwaka upande huu, watu hukimbilia upande ule. Vikihamia upande ule, watu hurudi. Mwaka 2025 mapigano yalifika Masisi-kati mwezi wa Januari, na Walikale-kati mwezi wa Machi. Kwa hiyo katika eneo letu hakuna anayeweza kusema, "Mimi ni mwenyeji siku zote." Aliyewapokea wengine jana, kesho anaweza kuomba mahali pa kulala.

Hali hiyo huingia darasani pamoja na watoto. Wahunde, Wanyanga, Watembo, Wahutu na wengine huketi benchi moja, na kila mmoja amebeba yale aliyoyaona na yale aliyoyasikia kwao.

2. Mfano

Mfano huu tumeutunga sisi, hautoki katika shule fulani. Lakini wengi wenu mtautambua.

Msichana wa miaka 15 amehama na mama yake na kaka yake. Anaingia mwaka wa 8. Shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, lakini sekondari bado inadai pesa, na mama yake anabeba mizigo ya watu ili azipate. Siku ya kwanza mwalimu anasema, "Wakimbizi wainue mkono." Hakuwa na nia mbaya, alitaka tu kuwahesabu kwa ajili ya msaada wa madaftari. Toka siku hiyo msichana hana jina tena. Anaitwa Mkimbizi. Anaketi benchi la nyuma. Akisoma kwa sauti, wenzake wanacheka matamshi yake. Kalamu ikipotea, mfuko wake ndio unaofunguliwa kwanza. Baada ya mwezi mmoja haji tena.

Kaka yake ameyaona yote. Anasema, "Shule hii si yetu." Anaanza kutafuta mahali ambapo ataheshimiwa. Ndugu, tunajua ni nani wanaomngojea kijana kama huyo porini. Watampa bunduki, na watampa pia jina na cheo.

Je, nani aliyemfukuza msichana yule? Hakuna. Mwalimu alikuwa na haraka, wanafunzi walitania tu, mwenye kalamu alitaka kalamu yake. Hivyo ndivyo mtoto anavyotolewa shuleni bila mtu hata mmoja kumfukuza.

3. Maneno hutangulia panga

Wazee wanakumbuka tarehe 20 Machi 1993. Siku hiyo mauaji yalianza katika soko la Ntoto, Walikale, yakaenea hadi Masisi. Maelfu ya watu walikufa, na wengine wengi sana wakahama. Lakini ugomvi haukuzaliwa sokoni siku ile. Kwa miaka mingi watu walikuwa wakiulizana nani mwenyeji na nani mgeni, nani ana haki ya ardhi na nani hana. Maneno yalipozoeleka masikioni, panga zilipata njia.

Hatuwaambii msahau wafu wenu. Tunawaomba tu kwamba mtoto wa miaka 15 asilipishwe deni la mambo yaliyotokea kabla hajazaliwa.

4. Sheria inasemaje?

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 13, inakataza Mkongomani yeyote kubaguliwa katika elimu kwa sababu ya dini, ukoo, kabila, lugha au mahali anapokaa. Kifungu cha 45 kinasema kila mtu anaingia katika shule za taifa bila kubaguliwa kwa mahali alikotoka, wala kwa hali ya mwili wake. Basi nafasi ya mtoto aliyehama darasani ni haki yake. Haombi huruma.

5. Tufanye nini?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huitumia methali hii kumkemea mgeni asiwe mvivu. Sisi tunaona upande wake wa pili. Aliyepewa jembe amepata pia mahali pake. Anayeachwa bila kazi ndiye anayebaki mgeni.

Jina. Walimu na wanafunzi wamwite kila mtoto kwa jina lake. Orodha za msaada ziandikwe ofisini kwa prefe, si mbele ya darasa. Na viongozi wakumbuke watoto maskini wa wenyeji, maana wakisahauliwa wao, wivu huzaliwa.

Benchi. Wanafunzi wabadilishane mahali kila juma. Asiwepo mwenye benchi la mbele la kudumu, wala wa nyuma wa kudumu.

Kazi. Aliyehama apewe zamu ya kufuta ubao, kuongoza kikundi, kutunza mpira. Mpira wenyewe usichezwe kambi dhidi ya kijiji. Timu zichanganywe.

Mzaha. Mwanafunzi akimtukana mwenzake kwa kabila, asipigwe mbele ya watu. Aitwe pembeni, aulizwe neno hilo alilisikia wapi, kisha amwombe mwenzake msamaha na wapewe kazi ya kufanya pamoja.

Nyumbani. Hapa ndipo penye uzito. Mtoto hurudia shuleni yale aliyoyasikia karibu na moto. Neno hili linawahusu wenyeji na waliohama vilevile, kwa kuwa hata kambini kuna majina mabaya wanayopewa wanakijiji. Samaki mkunje angali mbichi.

6. Maswali ya kuzungumza pamoja

– Katika shule ya watoto wetu, ni nani anayeitwa kwa jina lisilo lake?
– Sisi wazazi, ni maneno gani tunayosema nyumbani ambayo hatungependa mtoto ayarudie mbele ya jirani?
– Ni mtoto gani aliyeacha shule mwaka huu bila mtu kumuuliza sababu?
– Ni kazi gani tunaweza kumpa kijana aliyefika karibuni, shuleni au kijijini?

Kazi ya juma hili

Wazazi wawili, mmoja wa kambini na mmoja wa kijijini, waende pamoja kwa yule mtoto wa swali la tatu. Wasiende na hotuba. Wamwite kwa jina lake, wamuulize ni kitu gani kilichomtoa shuleni, wamsikilize hadi mwisho. Kisha waende naye kwa prefe.

Tunawatakia amani.