Somo: Kuchagua Bomba la Moshi la Njia Mbili kwa Pikapu Yako

Lengo la somo

Baada ya kulisoma somo hili, mlaji ataweza kupima kama pikapu yake inahitaji bomba la moshi la njia mbili, kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kulipa, na kuikagua kazi ya fundi kabla ya kuipokea.

Mwenye pikapu anayeingia gereji, iwe Tegeta au Mbagala, anaweza kuambiwa hivi: "Bosi, tukikufungia ekzosi ya pande mbili, gari itapumua vizuri na itavuta mzigo bila shida." Kauli hiyo ina ukweli kwa magari machache, kwa magari mengi haina. Anayepaswa kuijua tofauti ni wewe unayelipa, hasa ikiwa pikapu hiyo ndiyo inayobeba mchanga, saruji au mboga zinazokupatia riziki.

1. Kazi ya bomba la moshi

Moshi hutoka kwenye silinda za injini, hukusanywa na manifoldi, kisha hupita katika bomba moja au zaidi hadi nyuma ya gari. Katika gari lenye turbo, moshi huizungusha turbo kwanza ndipo uendelee na safari. Njiani huwapo sailensa ya kupunguza mlio na, katika magari mengi ya kisasa, masega, yaani kifaa chenye vitundu vingi kama sega la nyuki, ambacho hupunguza sumu iliyomo katika moshi.

Bomba lililobonyea, lililoziba au lililo jembamba kupita kiasi huubana moshi, na injini hulazimika kutumia sehemu ya nguvu zake kuusukuma. Hapo kurekebisha bomba huleta nafuu. Lakini bomba likishatosheleza mahitaji ya injini, kulipanua au kuliongeza hakuleti nguvu nyingine.

2. Njia mbili zafaa gari lipi?

Jambo la kwanza la kujua ni mpangilio wa silinda. Injini yenye silinda sita zilizopangwa katika safu mbili zenye umbo la V, kama ile ya petroli ya lita 4.0 iliyofungwa katika baadhi ya Toyota Hilux, ina manifoldi moja kila upande. Kwa injini hiyo, njia mbili zilizosanifiwa vizuri zina mantiki.

Pikapu nyingi za kazi, hata hivyo, zina injini ya dizeli ya silinda nne zilizo katika safu moja. Moshi wote hutoka katika manifoldi moja na kuingia katika bomba moja. Fundi anayeligawa bomba hilo nyuma, karibu na bampa, haongezi upana wa sehemu ya mbele ambako moshi wote unapita. Anachouza hapo ni sura na mlio. Si kosa kununua sura. Kosa ni kuuziwa sura kwa jina la nguvu.

Hesabu ndogo itasaidia. Bomba moja lenye kipenyo cha milimita 63 lina nafasi ya ndani karibu sawa na mabomba mawili ya milimita 45 kila moja. Mabomba mawili, kwa hiyo, si lazima yapitishe moshi mwingi kuliko moja. Yanachoongeza kwa hakika ni uzito, maungio, na sehemu za kushika kutu.

3. Kabla ya kununua: tafuta ugonjwa kwanza

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Chamazi ambaye pikapu yake ya dizeli imeanza kuchoka mlimani na kutoa moshi mweusi. Akikimbilia kubadili bomba, huenda akatumia fedha nyingi na tatizo likabaki palepale. Moshi mweusi wa dizeli mara nyingi ni dalili ya hewa kidogo au mafuta mengi kupita kiasi: chujio la hewa limeziba kwa vumbi, nozeli zimechoka, au mpira wa hewa ya turbo umepasuka. Mwombe fundi akague vitu hivyo kwanza. Kubadili chujio la hewa ni kazi ndogo, na gharama yake haikaribii ile ya bomba jipya.

Kagua pia bomba lililopo. Ikiwa limetoboka au sailensa imeoza, kufunga jingine la njia moja lenye kipimo cha kiwandani kunaweza kuwa ndilo jibu kamili.

4. Chuma gani?

Upepo wa chumvi wa Dar es Salaam na madimbwi ya masika hula chuma haraka. Safari fupi fupi huongeza tatizo, kwa kuwa maji yanayotokana na uunguaji wa mafuta hubaki ndani ya bomba bila kukauka. Chuma cha kawaida ni cha bei nafuu lakini huwahi kuoza. Chuma kilichopakwa alumini hudumu zaidi. Stenlesi hudumu kuliko vyote viwili, nayo ni ghali.

Wapo wanaopima stenlesi kwa sumaku. Kipimo hicho hakitoshi: zipo aina za stenlesi zinazovutwa na sumaku, na zinatumika katika mabomba ya moshi. Ulinzi wako ni risiti iliyoandikwa aina ya chuma, unene wake na muda wa dhamana.

5. Masega ni mali yako

Baadhi ya mafundi hupendekeza kuyatoa masega "ili gari ipumue". Tafakari kabla ya kukubali. Masega hupunguza gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu na inaweza kuua mtu aliye katika sehemu iliyofungwa. Katika magari mengi, kuyaondoa huiwasha taa ya injini kwenye dashibodi.

Kumbuka pia kwamba ndani yake mna madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Ndiyo maana masega yaliyotumika yana soko. Ikiwa ni mabovu na lazima yabadilishwe, kifaa cha zamani ni chako. Kidai mkononi kabla ya kuondoka, kama unavyodai kifaa kingine chochote kilichotolewa.

6. Kuipokea kazi

Usilipe fedha zote kabla ya kukagua mambo haya:

• Kabla ya kuchomelea, fundi atoe waya wa betri ili umeme usiharibu kompyuta ya gari.
• Bomba lipite mbali na tangi la mafuta, mabomba ya breki, nyaya na tairi la akiba.
• Raba za kuning'iniza ziwe imara. Pakia mzigo wa kawaida, kisha pita polepole juu ya tuta: bomba lisigonge ekseli wala fremu.
• Ncha zitokeze nje ya bodi, zisielekee kwenye kabati la dereva wala chini ya karoseri. Moshi unaoishia chini ya gari hupenya ndani.
• Injini ikiwaka, gari likiwa mahali pa wazi, sikiliza mlio wa kutatarika kwenye maungio. Baada ya siku chache tazama kama yana masizi. Hiyo ni dalili ya kuvuja.
• Sikiliza mlio ukiwa nje ya gari. Kelele zinasimamiwa na kanuni za mazingira za mwaka 2015, na majirani wa Mwananyamala au Tandika wanahitaji usingizi kama wewe.

Ikiwa gari lina bima, ijulishe kampuni yako kuhusu badiliko hilo kabla ya kulifanya.

7. Haki zako

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora au manufaa ya bidhaa na huduma, na inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Aliyekuahidi nguvu akakupa mlio anaweza kuulizwa. Dai risiti ya EFD, hifadhi maelezo ya ahadi kwa maandishi, na piga picha za kazi. Mweleze muuzaji kwanza, umpe nafasi ya kurekebisha. Akikataa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Kuhusu ubora wa bidhaa, wasiliana na Shirika la Viwango Tanzania.

Maswali ya kujipima

1. Injini ya pikapu yako ina silinda ngapi, na zimepangwaje?
2. Je, unatafuta nguvu, sura, au dawa ya tatizo ambalo halijachunguzwa?
3. Ni vifaa gani utadai urudishiwe baada ya kazi?
4. Ni mambo gani matatu lazima yaandikwe kwenye risiti?

Ukishindwa kujibu swali lolote kati ya haya, ahirisha malipo hadi upate jibu.