Hesabu Ndani ya Mchezo wa Besiboli

Muhula huu tulirudia somo la wastani. Wengi wetu tuliliona jepesi, maana kujumlisha na kugawanya si kazi ngumu. Lakini ni kitu gani kijumlishwe, na kigawanywe kwa kitu gani? Hapo ndipo penye kazi. Nitaeleza jambo hili kwa mfano wa besiboli, mchezo wa Wamarekani ambao sijapata kuuona kiwanjani, bali naufuata kwa takwimu zake.

Kwanza mchezo wenyewe. Mrushaji wa timu moja humrushia mpira mpigaji wa timu ya pili, naye hujaribu kuupiga kwa gongo na kukimbilia kituo cha kwanza. Vituo ni vinne. Mchezaji akivizunguka vyote mpaka kurudi alikoanzia, timu yake hupata pointi moja. Mrushaji akikosea mara nne, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure. Wapigaji watatu wakitolewa, zamu ya timu imekwisha. Zamu ni tisa, kwa hiyo timu hutolewa mara 27 katika mchezo mmoja. Hizo 27 ndizo mali yake yote. Zikiisha, hakuna tena cha kufanya.

Tangu karne ya 19 mpigaji alipimwa kwa wastani wa mapigo. Henry Chadwick, mwandishi wa magazeti aliyezaliwa Uingereza mwaka 1824, alifanya kazi kubwa ya kueneza hesabu za mchezo huu. Katika wastani huo, mapigo mema hugawanywa kwa idadi ya majaribio ya kupiga, na vituo vya bure haviingizwi. Tazama wachezaji wawili niliowabuni, kila mmoja amesimama mbele ya mrushaji mara 600.

Mchezaji A: vituo vya bure 30, mapigo mema 171. Basi 171 ÷ 570 = 0.300.
Mchezaji B: vituo vya bure 100, mapigo mema 135. Basi 135 ÷ 500 = 0.270.

Kwa hesabu hiyo A ni bora. Sasa tuulize swali jingine: kila mmoja alifika kituoni mara ngapi, kwa njia yo yote?

Mchezaji A: 171 + 30 = 201, na 201 ÷ 600 = 0.335.
Mchezaji B: 135 + 100 = 235, na 235 ÷ 600 = 0.392 hivi.

A alitolewa mara 399, B mara 365. Tofauti ni 34, nayo yazidi zile 27 za mchezo mzima! Yule tuliyemweka wa pili ndiye aliyeitunza mali ya timu.

Wamarekani hawakuliona jambo hili upesi. Mwaka 1977 Bill James, mlinzi wa usiku katika kiwanda cha vyakula vya makopo huko Kansas, alijichapishia kijitabu chake cha kwanza cha takwimu za besiboli. Wastani wa kufika kituoni ulifanywa rasmi mwaka 1984. Hata hivyo, wenye timu wengi waliendelea kununua kwa macho.

Mwaka 2002 timu ya Oakland, iliyolipa mishahara ya dola milioni 40 hivi, ilishinda michezo 103, sawasawa na New York Yankees waliolipa zaidi ya dola milioni 120. Mchezaji wake mmoja, Scott Hatteberg, alikuwa mdakaji wa Boston mpaka kiwiko chake kilipoumia, asiweze tena kurusha mpira vizuri. Oakland walimchukua kwa kuwa alijua kuiacha mirusho mibaya. Mwaka huo wastani wake wa mapigo ulikuwa 0.280, na wa kufika kituoni 0.374. Tarehe 4 Septemba pigo lake ndilo lililowapa Oakland ushindi wa 20 mfululizo.

Lakini hesabu nazo zina mpaka. Katika mashindano ya mwisho wa mwaka huo Oakland walitolewa na Minnesota, michezo 3 kwa 2. Michezo 162 huonyesha uwezo wa timu. Michezo mitano yaweza kudanganya.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Katika timu ya kandanda ya bweni letu, mwenzetu anayecheza kiungo aliachwa muhula uliopita kwa kuwa jina lake halikuwamo katika orodha ya mabao. Hakuna aliyeandika mipira aliyonyang'anya wala pasi alizotoa. Sisemi kwamba asingeachwa kama zingeandikwa. Ila alipouliza sababu, tungekuwa na jibu la haki. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nimeanza daftari lenye safu tatu: mabao, pasi zilizofika, na mipira iliyonyang'anywa. Mtu mmoja hawezi kuandika yote. Atakayependa kusaidia na aje kando ya uwanja Jumamosi, pamoja na kalamu yake.